Mlango Unaosahau

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilizijua siri za watu wa Kinondoni kuliko padri na shehe wao wakijumlishwa. Wao walilazimika kusubiri mtu aje mwenyewe kusema. Mimi nilibonyeza tu.

Duka lilikuwa saluni kabla halijawa duka la intaneti, na harufu ya dawa ya kulainisha nywele haikuwahi kutoka ukutani. Mwenye duka, mama wa makamo aliyezaliwa mtaa huo huo, aliuza vikaushio vyake vya nywele akanunua kompyuta tano zilizokwisha kutumika, zilizoletwa kutoka Dubai ndani ya kontena moja na majokofu. Enzi zile ndivyo mambo yalivyokwenda: kila kitu kiliruhusiwa, na kila sebule iliyotazama barabara iligeuka duka la kitu fulani. Kati ya mashine na mashine alitundika kanga, "ili mtu aandike barua yake bila kupumuliwa shingoni." Vipande vinne vya kanga. Hiyo ndiyo ilikuwa sera yetu nzima ya faragha.

Mimi nilikuwa msimamizi. Nilikuwa na digrii, jambo nililolitaja mapema katika mazungumzo yoyote, hata ya kuuliza bei ya nyanya. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye shirika moja la umma, ofisi ya utumishi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika barua za kukataa. Watu waliomba kazi, sisi hatukuwa na kazi, na mimi niliwaambia hivyo kwa Kiingereza. Niseme bila unyenyekevu kwamba nilikuwa hodari. Nilikuwa na sentensi yangu niliyoichonga miaka miwili, iliyoanza: "Baada ya kutafakari kwa kina, na kwa masikitiko ambayo sitajaribu kuyaficha..." Kwa Kiswahili inapoteza nusu ya utamu. Kwa Kiingereza ilikuwa na mwendo wa jeneza linalobebwa vizuri. Kuna watu waliokataliwa wakaniandikia kunishukuru.

Kisha shirika likauzwa. Mkurugenzi aliniomba niandae mfano wa barua ya kupunguza wafanyakazi, nikaandaa kwa moyo wote. Wiki mbili baadaye nikapewa nakala yangu. Niliisoma nikakuta nimekosea koma.

Kwa hiyo, saluni.

Siku hizi kile chombo cha kufungulia kurasa za mtandao kinaitwa kivinjari, na vijana hubishana kipi kinalinda faragha na kipi kinauza habari zako. Wakati ule neno hilo lilikuwa halijatufikia. Sisi dukani tulisema "mlango." Kila mashine ilikuwa na milango miwili: wa zamani na mpya. Wa zamani ulikuwa mzito na sura mbaya, lakini nilikuwa nimeutengeneza kwa mikono yangu usiweke kumbukumbu yoyote. Ukiufunga, unasahau ulipokuwa na nani. Ule mpya ulikuwa mwepesi, wenye rangi nzuri, na ulikumbuka kila kitu. Andika herufi moja ya anwani, unakumalizia iliyobaki kwa kufuata alikokwenda mtu wa kabla yako. Mbaya zaidi, ulikuwa na adabu. Ukimaliza kuandika neno lako la siri, uliuliza: je, ungependa nikukumbukie?

Na watu wetu walijibu ndiyo. Karibu wote. Niliwahi kumuuliza fundi cherehani mmoja kwa nini, akanishangaa. "Kaniuliza vizuri tu, braza. Nimwambie hapana, kanikosea nini?"

Hivyo jioni, kabla ya kufunga, nilipita mashine moja moja na kusoma. Nilijiambia nakagua mitambo. Fundi cherehani yule yule alikuwa amemwandikia mwanamke mmoja wa Ulaya kwamba ana kiwanda. Mzee mmoja wa Goba, aliyeshuka kila Jumatano, alimwandikia mwanawe aliyekuwa ng'ambo barua kumi na moja zisizojibiwa, na katika ya kumi na mbili akamuomba radhi, bila kusema kwa kosa gani. Niliyasimulia haya kwa vinyozi wa jirani, kwa sauti za wenyewe, nikiigiza hadi kikohozi cha mzee. Walicheka. Mimi nilicheka zaidi. Mtu aliyepunguzwa kazi hupenda kuwaona wengine wakingoja jibu.

Mteja akiniuliza mlango upi mzuri, jibu langu lilitegemea. Niliyempenda, au aliyenichosha, nilimpeleka wa zamani. Aliyenivutia kwa hadithi yake nilimwambia, "Tumia huo mpya, unakwenda kasi."

Yule muuguzi nilimpeleka wa zamani tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuuliza.

"Hivi hii mashine," alisema, akiwa bado amesimama na mkoba begani, "mie nikiondoka, inabaki inasema nini juu yangu?"

Alikuwa wa rika langu, amevaa viatu vyeupe vya kazi, ametoka zamu ya usiku hospitali moja ya Temeke. Nilimuuliza kwa nini asitafute duka huko huko, au Tabata alikokaa. Akasema huko anajulikana. Nikamuuliza kwao wapi, akasema Songea. Nikamwambia mimi wa Iringa.

"Mhehe!" akapiga kofi. "Nimekuja kukabidhi siri zangu kwa mla mbwa!"

"Bora mbwa ana nyama," nikamjibu. "Nyie Wangoni panya mmoja mnagawana ukoo mzima."

Basi yakaisha, tukawa ndugu. Mababu zetu walipigana, wakachoka, wakaturithisha haki ya kutukanana. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kuingia kwako akakuambia una kichwa kama kinu, nawe utamkaribisha chai. Nilimwonyesha mlango wa zamani, nikamweleza unavyosahau, nikachora hata kwenye karatasi. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayefundishwa kuzima moto.

Taratibu, kwa wiki kadhaa, alinieleza. Aliwahi kuomba nafasi ya kujiendeleza kwenye chuo kimoja, akachaguliwa. Barua ilikuja kwa sanduku la posta la ofisi ya mumewe, kwa sababu ndilo sanduku walilokuwa nalo. Mume huyo alikuwa karani wa ghala moja huko njia ya Pugu. Mume aliipokea. Akakaa nayo hadi siku ya mwisho ya kuripoti ilipopita, kisha akamletea nyumbani, ndani ya bahasha yake, imefunguliwa kwa wembe vizuri kabisa. Akamwambia posta siku hizi wazembe.

"Hakunipiga," alisema. "Hajawahi. Ni mpole, mtani. Ukimwona utampenda."

Sasa alikuwa anaomba kazi ya uuguzi hospitali moja ya Uingereza, yenye mafunzo ndani yake. Mpango wake ulikuwa apate kwanza, akamilishe kila kitu, tiketi iwe mkononi, ndipo amwambie mumewe. Si kumkimbia, alisema. Kumwambia wakati ambao kumwambia hakutaharibu kitu.

Jibu lilikuja asubuhi moja ya Jumanne. Nilisikia kanga ikitikisika, kisha sauti yake, ya chini, "Mtani, njoo." Aliniomba nimchapie. Karatasi ilipotoka niliisoma kabla ya kumpa. Mkono wangu ulishazoea. Wamempa nafasi. Wanataka athibitishe kwa barua kabla ya mwezi kwisha, na kuambatisha namba ya pasi ya kusafiria. Pasi yenyewe alikuwa anaifuatilia, angeipata baada ya wiki mbili.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo nimelisogeza mbele kadiri nilivyoweza. Na mimi nilikuwa naomba. Vyuo, ufadhili, shahada ya pili, kokote. Kwenye mashine namba tano, wateja wakipungua mchana, nilituma maombi saba. Nilikuwa nimekataliwa mara saba, na mtani nilishamwambia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba barua zao ziliandikwa vibaya.

"Hongera," nilimwambia. "Wakikuona watajua wamekosea anwani."

Ulikuwa utani, lakini ulitoka mkavu. Aliusikia ukavu. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapimi.

"Wee!" akasema, na safari hii si kwa sauti ya chini. "Mie barua moja, jibu moja. Wewe mla mbwa na digrii yako umeandika ngapi? Saba? Nane? Au unajiandikia mwenyewe, unajikataa mwenyewe, ili usisahau kazi?"

Duka zima likacheka. Nyuma ya kila kanga kulikuwa na mtu anayecheka. Mama mwenye duka, aliyekuwa anapembua mchele mlangoni, akacheka hadi ungo ukamtoka. Na mimi nilicheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi, nikamwambia aende akale panya wake wa kusherehekea. Kisha nikarudi mezani nikapanga vikaratasi vyangu.

Vikaratasi hivyo vilikuwa ubunifu wangu. Kila mteja alipewa kimoja chenye muhuri wa duka, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na namba ya mashine. Hakuna aliyeviomba. Niliona vinaleta heshima ya ofisi.

Wiki iliyofuata alikuja akitaka kuwauliza kuhusu fomu ya afya. Nilimwambia mlango wa zamani umeharibika.

"Umeharibika vipi?"

"Umeharibika. Nenda namba tatu, tumia mpya. Nitasafisha mwenyewe ukiondoka."

Sikutaka kumdhuru. Nataka hili liandikwe, ingawa najua lina thamani gani. Nilitaka tu kusoma. Nilitaka kuona Kiingereza chake kina makosa mangapi, nipate kujua walimpendea nini. Alikaa namba tatu, akaandika anwani yake, akaandika neno lake la siri, na baada ya kitambo kidogo akaniita.

"Mtani, inaniuliza inikumbukie. Nijibu nini?"

"Bonyeza ndiyo," nilisema kutoka mezani, bila kuinua kichwa.

"Ndiyo?"

"Ndivyo inavyofunguka."

Alipoondoka sikusafisha. Jioni nilikaa namba tatu, nikaandika herufi moja, na mlango mpya ukanimalizia kila kitu, hadi nyota za neno la siri zikajipanga zenyewe. Nikasoma barua zake zote. Zilikuwa na makosa ya kutosha. Zilikuwa pia nzuri. Aliandika kama anayezungumza na mgonjwa anayemwamini: sentensi fupi, hakuna pambo. Alikuwa amewaeleza juu ya mtoto mmoja aliyefia mikononi mwake kwa kukosa kitu kidogo, na alichojifunza hapo, kwa mistari minne. Nilitafuta cha kuchekea nikakosa, nikafunga duka nimenuna.

Siku mbili baadaye, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, akaingia mwanaume mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikono, kalamu mbili mfukoni. Alimsalimia kwanza mama mwenye duka. "Shikamoo mama." Akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za biashara. Kisha akaja mezani kwangu akaweka kikaratasi. Muhuri wetu. Tarehe. Saa. Namba tatu.

"Shemeji," akasema, akitabasamu. "Wewe ndiye mtani wa mke wangu, bila shaka. Anakusifu sana."

Hakuwahi kunisifu kwake. Hakuwahi kumwambia kama kuna duka. Kikaratasi alikitoa kwenye mfuko wa sare ya mkewe. Lakini jina la shemeji lina nguvu. Mtu akikuita shemeji tayari kakupa kiti nyumbani kwake, ni vigumu kumwacha amesimama.

"Yuko zamu," akaendelea. "Kanituma. Kuna barua ya kujibu, na muda unabana."

Kanituma. Watu wa kwetu tumelelewa na neno hilo. Ukiambiwa mtu katumwa humuulizi ushahidi. Unampa alichotumwa, unamwambia asalimu huko. Nilitumwa sukari, nilitumwa ujumbe wa msiba, nilitumwa kudai, na hakuna aliyewahi kuniuliza nathibitishaje. Kumkatalia mtu aliyetumwa ni kumtukana aliyemtuma.

Nilijua hakutumwa. Nilijua yote: sanduku la posta, bahasha iliyofunguliwa kwa wembe. Ningeweza kusema umeme umekatika. Ilikuwa rahisi hivyo. Umeme ulikatika kila siku. Hata mimi mwenyewe ningejiamini.

"Namba tatu ile pale," nilisema.

Alikaa. Alibonyeza kwa kidole kimoja, pole pole, kama anayeonja chai. Herufi moja, na mlango mpya ukafanya ulichoahidi kufanya. Alisoma muda mrefu. Nilimwona mgongo tu, na mgongo haukubadilika. Kisha akaniita.

"Shemeji, wewe ni msomi. Mke wangu kabadilisha mawazo kuhusu hii safari. Ameniambia niwajibu kwa heshima, maana ni watu wazuri. Sasa Kiingereza cha barua, unajua tena, sie wa maghalani..."

Alikuwa ameandika mistari mitatu. Ilikuwa mibaya sana. Kitenzi kilikuwa kimekaa upande wa mtendwa, na mwishoni alikuwa amesema mke wake hataki, kwa kutumia neno ambalo Mwingereza hulitumia kwa chakula kilichochacha. Barua ile, kama ingekwenda ilivyo, ingemshtua yeyote aliyewahi kusoma barua za yule mwanamke. Wangeuliza. Wangemwandikia tena: ni wewe kweli?

Nilianza na kosa moja. Niliinama nikarekebisha kitenzi. Kisha nikaona sentensi ya pili haikai tena na ya kwanza. Kisha akaniachia kiti.

Nawaambieni ukweli kwamba nilijisikia vizuri. Zaidi ya mwaka sikuwa nimeandika barua iliyokuwa na kazi ya kufanya. Niliandika kwa nafsi yake yeye, kwa sentensi fupi fupi kama zake, kwa sababu nilikuwa nimezisoma zote na mwigaji mzuri hajisahau. Nilitaja familia bila kuilalamikia. Niliwatakia kila la heri. Na katikati, palipohitaji uzito, niliweka sentensi yangu: baada ya kutafakari kwa kina, na kwa masikitiko ambayo sitajaribu kuyaficha. Nikahakikisha koma.

"Aisee," alisema shemeji, akisoma begani mwangu. "Hata mie ningekubali."

Akaituma mwenyewe. Aliona ni haki kidole kiwe chake. Kisha akamuaga mama mwenye duka, akaomba kikaratasi kipya chenye muhuri, nami nikampa.

Mama alimtazama akiondoka. "Huyo nani?"

"Mume wa yule muuguzi."

"Yule anayekuja huku kwa kujificha?" Aliacha kupembua. "Na wewe umemkalisha kwenye mashine?"

"Katumwa, mama."

 Mama akarudia kupembua mchele ambao tayari ulikuwa safi.

Muuguzi alikuja Jumanne, kama kawaida, na pasi ya kusafiria ndani ya bahasha ya plastiki, mpya, bado inanuka gundi. Alinionyesha picha yake. "Nimefanana na mwizi wa kuku," alisema. "Semeni nyie wa Iringa." Nilicheka. Alikwenda namba tatu bila kuuliza, maana nilishamwambia mlango wa zamani umeharibika na alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa na mwenye kazi yake.

Nilihesabu vikaratasi. Vilikuwa ishirini na sita. Nikavihesabu tena.

Hakupiga kelele. Kanga ilisogezwa taratibu.

"Mtani. Njoo kidogo."

Kwenye kioo palikuwa na barua mbili. Ya kwanza ya wale watu, fupi na nzuri: wanamshukuru kwa barua yake ya kistaarabu, wanaheshimu uamuzi wake, nafasi wamempa aliyefuata kwenye orodha. Ya pili alikuwa ameifungua mwenyewe, ile iliyotumwa. Alikuwa ameweka kidole chini ya mstari, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Hii ni ya nani?"

"Mumeo alikuja. Alisema umemtuma."

"Mume wangu? Mume wangu hajui kutafakari hata kwa Kiswahili. Hii ni ya nani?"

Alikuwa akiijua sentensi ile. Nilikuwa nimemsomea, yeye na yeyote aliyekaa karibu, si chini ya mara tatu, kwa fahari, kama mfano wa barua inavyopaswa kuandikwa.

"Aliomba nimsaidie Kiingereza," nilisema.

"Na aliingiaje?"

 Alisimama, akaenda namba moja, akamwomba radhi kijana wa chuo aliyekuwa amekaa pale, akainama na kubonyeza mlango wa zamani. Ukafunguka, kwa uzito wake ule ule. Alisubiri hadi ukakamilika wote.  

"Unafanya kazi," alisema.

"Ulikuwa umeharibika."

"Unafanya kazi, kaka."

Nilijaribu kuokota kitu, nikaokota kilichokuwa karibu. "Ulikuwa utani tu," nilisema. "Kukupeleka mlango mpya. Utani, mtani. Sikujua kama yeye..."

"Utani tunaupeleka msibani," alisema, "waliofiwa wapate kucheka. Haya, nichekeshe."

Nilisema nitawaandikia. Leo hii hii. Nitawaeleza kulikuwa na makosa, kwamba barua ile si yake, kwamba...

"Utawaandikia kwa Kiingereza gani?" aliuliza. "Kile kile?"

Aliirudisha pasi kwenye plastiki, akaikunja plastiki mara mbili, akaiweka chini kabisa ya mkoba, chini ya viatu vyeupe. Mama mwenye duka alimfuata nje, wakasimama barabarani wakizungumza. Sikusikia neno. Niliona tu mama akimshika mkono na yeye akiutoa, bila hasira, kama anavyoutoa mtu mwenye mambo mengine ya kufanya.

Jioni ile mama alinyoosha mkono mezani kwangu akachukua muhuri. "Huu nitakaa nao mie, msomi," alisema. Hakunifukuza. Nadhani alitaka niendelee kukaa pale.

Niliwaandikia, licha ya yote. Kutoka kwa anwani yangu, kwa siri, ukurasa mmoja na nusu. Walinijibu kwa mistari miwili kwamba hawawezi kujadili suala la mwombaji na mtu mwingine. Faragha yake, walisema, wanaichukulia kwa uzito.

Siku hizi mimi ni mtu mgumu kuibiwa habari. Nimejaribu vivinjari vyote vinavyosifiwa. Ninachokitumia hakiweki kumbukumbu, kinazuia wanaofuatilia, kikiulizwa kukumbuka neno la siri kinakataa kwa niaba yangu. Binti yangu husema ninajilinda kama waziri, na kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani anayetaka kujua ninachosoma, ambacho kwa kawaida ni dawa za mgongo. Ni kweli. Lakini rafiki zake wakija wakauliza kipi kizuri, nawajibu kwa kirefu, na huwa nasahau kuwaambia kwamba kivinjari kizuri kuliko vyote ni kazi bure kama aliyekaa mezani ana kinyongo.

Muuguzi hakuacha kuja. Hilo ndilo sikulitarajia. Nilidhani atahamia duka lingine, na yalishaanza kuwa mengi. Alikuja kila Jumanne, akitoka zamu, akaanza kuomba upya, hospitali nyingine, nchi nyingine. Alikaa namba moja, mlango wa zamani, na akimaliza alijifutia mwenyewe, hatua kwa hatua, kama nilivyomchorea kwenye karatasi. Karatasi ile aliendelea kuwa nayo. Majibu aliyoyapata siyajui. Nilipita kwenye mashine yake jioni zote, na kila jioni ilikuwa tupu.

Ila alibadili salamu. Tulikuwa rika moja; nadhani alinizidi miezi. Kwa miezi yote iliyopita alikuwa akiingia kwa kelele, akiuliza kama leo nimechinja mbwa wa nani. Sasa alisimama mbele ya meza yangu, mkoba mikononi, akainamisha kichwa kidogo, kama mbele ya mzee wa kanisa, au mtu yeyote ambaye huna la kucheka naye.

"Shikamoo, kaka."

Wateja wakageuka kunitazama, watu wazima, wakijaribu kukadiria umri wangu. Alisubiri. Salamu hiyo ina jibu moja tu.

"Marahaba," nilisema.

Na Jumanne iliyofuata tena.